Mume wangu anataka kukipandisha kiinua mgongo chetu juu ya paa

Mshauri,

Pokea salamu kutoka Jinja, Uganda. Naomba jina langu lisitokee, maana huku Mafubira tunajuana mpaka kuku.

Mimi ni mama wa miaka 59. Mume wangu ana 63, amestaafu polisi. Tumehama kambi baada ya kambi, watoto tumewalelea Kiswahili cha kambini, na nyumba hii tuliyomo tuliijenga chumba kimoja kimoja, mshahara kwa mshahara. Kiinua mgongo chake kilipoingia tulimalizia dari na choo cha ndani, tukalipa madeni, tukabakiwa na shilingi milioni 17. Pensheni yake ni 640,000 kwa mwezi. Mimi nashona nguo, na nyuma tuna vyumba viwili vya kupangisha, kila kimoja 90,000 pamoja na umeme. Binti yetu wa mwisho yuko Chuo Kikuu cha Kyambogo, amebakiza mwaka mmoja.

Tatizo lilianza jirani yetu wa upande wa juu alipoweka sola. Umeme ukikatika sisi tunapapasa mishumaa, kwake taa zinawaka na mpira unaendelea kwenye televisheni. Mzee wangu hutoka akasimama kwenye uzio akiitazama ile nyumba kama mkulima anayetazama shamba la mwenzake lililonyeshewa mvua peke yake. Na kinachomuuma zaidi ni kwamba sisi ni watu wa Jinja. Bwawa la umeme la Nalubaale liko hapa hapa mtoni, limekuwepo tangu 1954, kabla sisi wote wawili hatujazaliwa. Bwawa la Bujagali nalo liko chini kidogo ya mto. Anasema, "Umeme wa nchi nzima unapita juu ya kichwa changu na mimi nalala na mshumaa."

Kuna mpwa wake, mtoto wa dada yake, anauza sola kwa kampuni moja ya Kampala. Alikuja na karatasi ya bei: paneli nne za wati 550, inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani) ya kilowati 3, betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5, waya na ufundi, jumla milioni 14 taslimu. Ama tutoe milioni 6 kwanza, halafu 450,000 kila mwezi kwa miezi 24. Alituambia mbele ya chai kwamba kwa miaka mitano sola itakuwa imejilipa, na kuanzia hapo tutakula umeme wa bure mpaka tuzikwe. Halafu akatoka nje, akaangalia paa, akasema mti wa fenesi lazima ukatwe kwa sababu utatia kivuli kuanzia saa tisa alasiri. Ule mti niliupanda mimi. Mafenesi yake ndiyo yanayonipa pesa za sabuni.

Nilipouliza kama milioni 14 si nyingi kwa watu ambao Yaka yao, yaani umeme wa kulipia kabla, ni kama 85,000 kwa mwezi, mzee alinijibu, "Pesa hizi nimezitolea jasho miaka 34. Nikitaka kulala na taa, nitalala na taa." Nikanyamaza. Lakini Mshauri, Yaka hiyo mimi ndiye ninayeinunua kwa simu yangu, kutoka kwenye kodi ya vyumba. Yeye hata bei ya yuniti haijui.

Sitaki kumdhulumu. Ana kisukari, anadunga insulini, na umeme ukikatika usiku mimi ndiye ninayeamka kufungua friji na kugusa kichupa kama bado ni cha baridi. Friji yenyewe ni kuukuu, tuliinunua mtumba tukiwa bado kambini. Wapangaji wetu ni watu wema, mmoja ni msichana anayesomea uuguzi, mwingine ni kijana wa kiwandani anayejipikia kwenye jiko lake la koili na hajawahi kutusumbua kwa kodi. Lakini nikifikiria milioni 3 zitakazobaki, na ada ya Kyambogo, na ugonjwa, naona kizunguzungu.

Sasa nyumbani tunaongea kupitia kwa mjukuu. "Mwambie babu chai iko tayari." "Mwambie bibi nitakunywa baadaye." Mtoto ana miaka sita, amechoka.

Niambie, kwa watu wa umri wetu, sola ni akiba au ni fahari? Nimwachie afanye atakavyo, au nishikilie msimamo?

Mke wa Afande, Jinja

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa Afande, nimeipokea barua yako, na huyo mjukuu amenihuzunisha kuliko hata hizo milioni.

Umeniuliza swali moja lakini ndani ya barua nimeyaona matatu. La kwanza ni la hesabu: sola ya milioni 14 itarudisha pesa zake? La pili ni la giza: mfanye nini umeme unapokatika, hasa kwa mgonjwa wa kisukari? La tatu hukuliuliza, lakini limejaa barua nzima: pesa za kustaafu ni za nani, na sauti yako ina uzito gani ndani ya nyumba mliyoijenga wote wawili? Nitaanza na hesabu kwa sababu ndiyo rahisi, ingawa sidhani kwamba hesabu ndiyo iliyowanyamazisha.

Chukua kalamu, mama. Tuchukue bei zilizotangazwa UEDCL, kampuni ya serikali, iliposhika usambazaji wa umeme kutoka kampuni iitwayo Umeme tarehe 1 Aprili 2025. Yuniti (yaani kilowati-saa) 15 za kwanza za mwezi zilikuwa shilingi 250 kila moja. Kuanzia ya 16 mpaka ya 80 ilikuwa kama 756. Kisha, jambo ambalo wengi hawalijui, kuanzia ya 81 mpaka ya 150 bei ilishuka hadi 412, ili watu wavutike kupikia umeme badala ya makaa. Ongeza ada ya huduma ya mwezi, 3,360, na kodi ya asilimia 18. Bei hizi hupitiwa kila robo ya mwaka, kwa hiyo soma risiti zako za sasa kabla ya kuniamini. Lakini kwa mpangilio huo, mtu anayelipa 85,000 anatumia yuniti karibu 120 kwa mwezi, yaani nne kwa siku.

Sasa sola ya mpwa wenu. Paneli hizo nne kwa jua letu zinaweza kutoa yuniti nane hivi kwa siku njema, mara mbili ya mnazotumia. Uzipende usizipende, zile za ziada zitapotea hapo hapo juu ya paa, kwa sababu betri ikijaa imejaa. Akikuambia kwamba ziada mtaiuza kwenye laini, muombe akuonyeshe mkataba wa mteja wake mmoja wa nyumbani anayelipwa, na mpaka auonyeshe usiihesabu. Tufanye sola ikubebee yuniti 100 kati ya 120. Yaka yako itashuka mpaka kama 13,000. Umeokoa 72,000 au 73,000 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka hazifiki 900,000. Gawanya milioni 14 kwa hizo, unapata miaka 16. Afande atakuwa na 79.

Miaka mitano ya mpwa imetoka wapi? Ili milioni 14 zirudi kwa miaka mitano, lazima uokoe zaidi ya 230,000 kila mwezi. Hakuna anayeokoa pesa ambayo haitumii. Simwiti kijana mwongo. Huenda amebeba hesabu ya mteja wa aina nyingine: mwenye duka la vinywaji baridi, mwenye saluni, mtu aliyekuwa akichoma petroli kwenye jenereta. Kwa hao sola inaweza kujilipa haraka kweli, kwa sababu jua linapotoka ndipo nao wanapotumia, na petroli ni ghali kuliko Yaka. Na yule jirani wa juu mmewahi kumuuliza anatumia kiasi gani na alikuwa akilipa kiasi gani? Kuitazama nyumba yake kutoka uzioni hakutawaambia.

Kuna jambo jingine ndani ya bei hizo linaloumiza kidogo. Mkiweka sola ndogo, tuseme ya kuwapunguzia yuniti 50, mtadhani bili itapungua kwa karibu nusu. Haipungui hivyo. Yuniti zinazoondoka kwanza ni zile za juu, za 412, na za 756 zinabaki zikiwasubiri. Kwa yuniti 50 mnaokoa kama 28,000 tu, theluthi ya bili. Ndiyo maana mtu mwenye matumizi madogo kama nyinyi, anayepata na nafuu ya bei ya kupikia, ni mgumu kumwuzia sola kwa hoja ya bili peke yake.

Halafu kuna swali ambalo mfanyabiashara hawezi kukuuliza: hizo milioni 14 zikikaa mahali pengine zitafanya nini? Hati fungani za serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu ya Uganda, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, miaka hii ya karibuni zimekuwa zikitoa zaidi ya asilimia 14 kwa mwaka. Za miaka 10 au zaidi hukatwa kodi ya asilimia 10 kwenye riba. Milioni 14 kwa asilimia 14 ni 1,960,000. Toa kodi, unabaki na 1,764,000 kwa mwaka, inayokuja mara mbili, kila baada ya miezi sita. Yaka yako yote ya mwaka ni kama 1,020,000. Yaani riba ingelipa umeme wote, wa kwenu na wa wapangaji, na ikabakia zaidi ya 700,000, huku milioni 14 zenyewe bado zipo.

Usikimbilie benki kesho, nayo hii ina miiba yake. Pesa inafungwa miaka mingi. Ukitaka kuitoa kabla ya muda unaiuza hati kwa bei ya siku hiyo, ambayo inaweza kuwa chini. Milioni 14 za mwaka wa kumi hazitanunua vitu vinavyonunuliwa na milioni 14 za leo. Bei ya umeme nayo ikipanda sana, sola itaanza kuonekana ya busara, ingawa mwaka 2025 bei ilishuka, na nchi sasa ina mitambo ya zaidi ya megawati 2,000 tangu bwawa la Karuma kukamilika. Tena kuna faida ya sola ambayo wachumi hawaiandiki: paneli haiombwi mkopo na shemeji. Wastaafu wangapi unawajua ambao kiinua mgongo kiliisha kwa harusi, matibabu ya jamaa na "nitakurudishia Ijumaa"? Ikiwa Afande anajijua kuwa hawezi kumnyima mtu, pengine hilo ndilo analolikimbia na hajui kulisema. Muulize.

Sasa nirudi kwenye jambo ulilolitaja kwa haraka ukalipita. Kijana wa kiwandani na jiko lake la koili. Simsemi vibaya, kodi analipa na adabu anayo. Lakini koili ya wati 1,000 ikiwaka saa mbili kwa siku inakula yuniti 60 kwa mwezi. Hiyo ni nusu ya Yaka yako, mama! Nawe umemtoza 90,000 pamoja na umeme. Ongeza friji kuukuu ambayo, kama mpira wa mlango umelegea, injini yake hailali. Kabla ya mtu yeyote kupanda juu ya paa, fanyeni uchunguzi huu mdogo: siku moja mchana zimeni kila kitu cha nyumba kubwa, kisha nenda ukaiangalie mita. Ile taa yake ndogo ikiendelea kupepesa upesi, unajua umeme unakwenda wapi. Siku nyingine, usiku, andika namba ya yuniti kabla ya kulala, acha friji peke yake, uisome tena asubuhi.

Ukigundua kwamba ni koili, kuna njia kadhaa na kila moja ina bei yake. Fundi anaweza kufunga mita ndogo kwa kila chumba, kila mtu ajilipie, ila wapangaji wataomba kodi ishuke na una hatari ya kuwapoteza watu wema. Unaweza kupandisha kodi ya chumba chenye koili peke yake, naye atauliza kwa nini mwenzake hajapandishiwa. Ama unaweza kuacha mambo yalivyo kwa sababu mpangaji asiyesumbua ni mali. Uamuzi ni wako, wewe ndiye unayewajua. Ila kumbuka kwamba koili ikitoka kwenye hesabu, bili yako inashuka karibu na 49,000, na ile miaka 16 ya sola inarefuka tena. Na ikibaki, basi betri ya milioni nyingi itakuwa inampikia kijana maharage jioni. Mlikuwa mmekubaliana hivyo?

Tuje kwenye giza, na hapa niko upande wa mzee wako zaidi kuliko unavyodhani. Nchi haina upungufu wa mitambo, kama nilivyosema. Umeme wa majumbani kwa kawaida hukatika kwa sababu ya nguzo zilizooza, transfoma zilizozidiwa, miti na radi. Mambo hayo hayaishi kwa mwaka mmoja, na kuishi karibu na bwawa hakumsaidii mtu ambaye nguzo ya mtaani kwake imelala. Kwa hiyo kutaka kinga dhidi ya giza ni jambo la maana kabisa. Ninachouliza ni kama kinga hiyo lazima iwe ya milioni 14.

Kuhusu insulini, pumua kidogo. Vichupa ambavyo havijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8. Lakini kichupa kilichokwisha kufunguliwa kwa kawaida hustahimili takriban wiki nne nje ya friji, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30 kulingana na aina. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi, au uliza mfamasia wa kliniki mnayokwenda. Na friji isiyofunguliwa hushika baridi kwa muda wa saa nne hivi. Unapoamka kila mara kuifungua ili uguse kichupa, unaitoa baridi wewe mwenyewe. Weka kipimajoto kidogo ndani, lala. Umeme ukipotea siku nzima ndipo utafute barafu na kikasha cha baridi, na hakikisha insulini haigusani na barafu, maana ikiganda imeharibika.

Halafu fikirieni ngazi za chini ya ile ya mpwa. Kuna sola ndogo ya taa, simu na televisheni, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya milioni 14, na ambayo ingemwezesha Afande kutazama mpira wake giza likiingia. Ubaya wake ni kwamba haitaendesha friji, na soko limejaa betri hafifu zinazokufa mapema. Kuna inveta na betri bila paneli, zinazojichaji kwa Yaka umeme ukiwepo na kushika nyumba ukikatika. Hapo fenesi halikatwi, lakini mkikaa siku mbili bila umeme betri inaisha na hakuna wa kuijaza. Kuna pia kuanza na inveta inayokubali paneli baadaye, mkaongeza moja moja mkiona inafaa, kama mlivyojenga nyumba. Na kuna kubadilisha friji kwanza, ambako hakupendezi machoni pa jirani lakini kila mwezi kunaonekana kwenye simu yako.

Mkiamua ile kubwa, ingieni macho yakiwa wazi. Paneli zenyewe hudumu, nyingi huuzwa na dhamana ya miaka 25 ya uwezo wa kuzalisha, lakini betri nzuri ya lithiamu mara nyingi huhesabiwa miaka 10 hivi na inveta inaweza kutangulia kabla yake. Maana yake, kabla ya ile miaka 16 kutimia mtakuwa mmenunua betri nyingine, mkiishi kwa pensheni. Ukanda wa ziwa letu ni wa radi, kwa hiyo waya wa ardhini na kinga ya radi viandikwe kwenye bei, visiwe vya "tutaangalia baadaye". Fundi wa paa akague mbao kama mchwa hawajazipitia. Miwa ikichomwa upande wa Kakira yale majivu meusi huanguka na kwenye paneli vilevile, na lazima mtu apande kuosha. Nani? Mzee wa miaka 63 mwenye kisukari na ngazi? Mimi nisingependa.

Ule mpango wa malipo ya kidogo kidogo ndio unaonitia wasiwasi hasa. Milioni 6 na 450,000 mara 24 ni milioni 16 na laki nane. Lakini hata hiyo nyongeza ya milioni mbili na ushei si kitu kwangu nikiilinganisha na hii: kila mwezi, miaka miwili, 450,000 zitoke kwenye pensheni ya 640,000. Sasa mnalipa 85,000 na mnalalamika. Binti yuko Kyambogo, dawa zinahitajika, na mkikosa miezi miwili mitatu, kuna mikataba inayomruhusu muuzaji kuzima mtambo kutoka ofisini kwake. Kama ni lazima, taslimu ni afadhali, na kama taslimu inawaacha uchi, pengine huo mtambo ni mkubwa kuliko nyumba yenu kwa sasa.

Na mwaka kesho binti anamaliza. Ada inaondoka kwenye mabega yenu. Sijui kama Afande ameliona hilo. Kungoja mpaka amalize si kukataa, na bei za paneli kwa miaka mingi, kwa jumla, zimekuwa zikishuka.

Sasa lile la tatu. "Pesa hizi nimezitolea jasho miaka 34." Maneno hayo yamekuchoma, na yana haki ya kukuchoma, kwa sababu katika miaka hiyo wewe ulikuwa ukifunga mizigo kila alipohamishwa, ukishona usiku, ukiwalea watoto akiwa lindoni. Lakini jaribu kuyasikia na upande mwingine. Mtu aliyeishi maisha yake yote katika nyumba za serikali, ambapo hata balbu ilikuwa ya kuomba, sasa ana paa lake mwenyewe na bado giza linamkuta humo humo. Umeniuliza kama sola ni akiba au fahari. Na ikiwa ni fahari kidogo, kuna ubaya gani? Watu hununua makochi, hununua gari ambalo halitoki nje ya uzio. Fahari ni kitu cha kununuliwa kama kingine, mradi mjue kwamba mnanunua hiyo, na mjue bei yake, na wote wawili muweze kulala.

Kwa hiyo badala ya kushikilia au kuachia, ningejaribu kumwekea mbele zile risiti za Yaka. Zote za mwaka, zimo kwenye simu yako. Usimwambie chochote kuhusu miaka 16. Mwache agawanye mwenyewe, polisi mzee hapendi kuhadithiwa ushahidi. Kisha muulize giza lipi linalomsumbua zaidi: la televisheni, la friji, la usalama nje usiku, au lile la kumwona jirani anang'aa. Jibu lake litawaambia ukubwa wa mtambo kuliko karatasi ya mpwa. Nawe mwambie lako, kwamba unaogopa kubaki na milioni 3 na mgonjwa. Umemwambia hivyo kwa maneno hayo? Kwenye barua umeniambia mimi.

Mjukuu mpeni likizo ya utarishi, tafadhali.

Kuhusu mpwa, najua si rahisi, ni mtoto wa wifi yako na mkimkataa itafika mpaka msibani. Hakuna haja ya kumkataa. Mwambieni kwamba mtachukua bei kwa wauzaji wengine wawili, yake iwe ya tatu, na mumuulize maswali mtakayowauliza wote: dhamana ya betri ni miaka mingapi na imeandikwa kwa jina la nani, inveta ikifa mwaka wa nne nani anakuja Mafubira na kwa siku ngapi, mbona paneli nne kwa watu wa yuniti nne kwa siku, na kama zikihamishiwa upande wa pili wa paa, mnapoteza umeme kiasi gani mkiuacha mti usimame. Hilo la mwisho muulize wewe mwenyewe, Afande akiwepo.